NANI ALIYEUPIGA MTAMA MTAMA?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kama umewahi kucheza kandanda unajua kupigwa mtama ni nini. Unakimbia na mpira, lango unaliona, mara mguu wa mtu unapita chini ya wako na wewe huyo, puu! chini, pua imejaa vumbi jekundu la Voi. Katika makala haya sitazungumzia mtama huo wa miguu. Nitazungumzia mtama wa shambani, ile nafaka ambayo mababu zetu waliila kabla ya kuyajua mahindi, na ambayo siku hizi nayo imepigwa mtama ikaanguka. Nataka tumtafute aliyeiangusha, kisha tuulize kama yafaa kuinuliwa.

Jambo hili si la mzaha. Sisi tunaokaa sehemu za chini za Taita Taveta, kuanzia Voi hadi Mwatate na kuteremka mpaka tambarare za Kasigau, hatuna mvua kama ya watu wa juu Wundanyi. Hapa Voi mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 500 na kitu, na hiyo nayo imegawanyika misimu miwili, masika na vuli. Lakini tembea ukaangalie mashamba wakati wa kupanda. Ni mahindi, mahindi, mahindi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za nchi yetu, na tarehe 8 Septemba 2021 ukame ukatangazwa kuwa janga la taifa. Watu walipanda mahindi, yakakauka. Wakapanda tena, yakakauka tena. Sote tuliokuwa shule za msingi wakati huo twajua maana yake. Mahindi ya nyumbani yakikauka, pesa ambayo ingelipa shule hununua unga.

MTAMA NI MWENYEJI

Wengi wetu tukiulizwa chakula cha asili cha Mwafrika tutajibu bila kufikiri: ugali wa mahindi. Kumbe mahindi ni mgeni! Asili yake ni Mexico, na pwani yetu yaliletwa na Wareno waliofika baada ya mwaka 1498. Mwenyeji ni mtama.

Mtama ni wa jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi na muwa. Ukiwa mchanga unaweza kuudhania mahindi. Ukikomaa ndipo unaona tofauti, kwa sababu hauna gunzi. Punje zake hukaa wazi kileleni katika suke, nyeupe, nyekundu au za rangi ya kahawia. Duniani leo ni nafaka ya tano, ikitanguliwa na mahindi, ngano, mchele na shayiri.

Huko kusini mwa Misri, mahali paitwapo Nabta Playa, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata punje za mtama wa mwituni zilizokusanywa na watu yapata miaka 8,000 iliyopita. Watu hao waliokota tu, hawakulima. Ushahidi wa kilimo ulipatikana karibu na Kassala, mashariki mwa Sudan, na kutangazwa mwaka 2017. Cha kushangaza ni kwamba haukuwa punje bali vigae vya vyungu. Wafinyanzi wa zamani walichanganya makapi ya mtama katika udongo wao. Chungu kilipochomwa makapi yaliungua, alama zake zikabaki. Wataalamu walipozikagua waliona kwamba baadhi ya punje hazikuwa zimedondoka zenyewe kama za mwituni, ila zilipurwa na watu. Mmea unaosubiri kupurwa ni mmea uliokwisha kuzoea shamba. Vyungu hivyo vina umri wa zaidi ya miaka 5,000.

Kutoka hapo mtama ulisafiri. Ulifika Bara Hindi miaka mingi kabla ya kuzaliwa Kristo, na Wahindi hadi leo huuita jowar. Ulifika China, ukaitwa gaoliang. Ulivuka hata bahari ya Atlantiki pamoja na watu wetu waliouzwa utumwani, na sasa Marekani ni miongoni mwa nchi zinazovuna mtama mwingi kuliko zote duniani. Hapa nchini Wajaluo huuita bel, Wakamba huuita muvya.

Pwani yetu nayo ina habari zake. Mwarabu Al-Masudi, aliyesafiri pwani hii mwaka 916, aliandika kwamba mtama ulikuwa miongoni mwa vyakula vikuu vya wenyeji. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona kwamba watu wa kisiwa hicho hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka bara. Na katika karne ya 19 mashamba ya Malindi yalitoa mtama mwingi uliopakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Waliolima mashamba hayo wengi wao walikuwa watumwa. Kwa hiyo punje hii ndogo imeona raha na dhiki za watu wetu.

SIRI YA KUVUMILIA UKAME

Wazee husema mtama una subira, na somo la Kilimo linaunga mkono maneno yao. Kwanza, mizizi yake ni mingi na hushuka chini sana kutafuta unyevu. Pili, majani na mabua yake yamepakwa kitu kama nta kinachozuia maji kupotea. Tatu, jua likizidi majani hujikunja. Nne, na hili ndilo kubwa, mvua ikikatika mtama huacha kukua ukanyamaza kimya kama mtu aliyelala. Mvua ikirudi unaamka na kuendelea.

Mahindi hayana subira hiyo. Yakipata kiu wakati ule wa kutoa maua na nywele, hata kwa wiki mbili tu, punje hazifungi. Utaona shamba la kijani, ukimenya unakuta gunzi lenye meno matatu kama kibogoyo.

Tena mtama ukikatwa baada ya mavuno huweza kuchipua kwenye kisiki chake na kutoa masuke mengine msimu unaofuata, bila kupandwa upya. Hindi likivunwa limekwisha.

Hata hivyo tusiusifu kupita kiasi. Njaa zilikuwepo hata enzi za mababu, na katika miaka ya 1880 Wataita walipatwa na njaa kubwa ambayo wazee huiita Mwakisenge. Mvua ikikosa kabisa hakuna mmea utakaozaa. Mtama husaidia ile miaka ambayo mvua imekuja kidogo na kuondoka mapema, na miaka ya namna hiyo hapa kwetu ni mingi.

MATUMIZI YAKE

Unga wa mtama hupikwa ugali na uji. Uji ukiachwa uchache kidogo huwa mtamu zaidi, na mwili huupokea vizuri, maana mtama uliopikwa bila kuchachushwa protini yake huwa ngumu kusagwa tumboni. Punje zikikaangwa hupasuka zikawa bisi ndogondogo. Zikiloweshwa zikaota hutoa kimea cha togwa na pombe. Iko aina ambayo bua lake lina sukari, nalo huitwa kota, hutafunwa kama muwa. Mabua makavu ni chakula cha ng'ombe, ni ua, ni kuni.

Tahadhari moja kwa wanaochunga: mtama mchanga, hasa ulionyauka kwa jua, una sumu inayoweza kumwua ng'ombe. Mifugo ingojee ukomae, ama majani yakaushwe kwanza.

Jambo jingine ni kwamba unga wa mtama hauna ule unato wa ngano, kwa hiyo peke yake hauumuki kuwa mkate. Huchanganywa na ngano. Lakini kwa wagonjwa ambao miili yao haivumilii ngano, ukosefu huo ni neema.

WASHUKIWA

Sasa, nani aliyeupiga mtama mtama? Nimewaweka washukiwa mbele yenu. Hukumu ni yenu.

Mshukiwa wa kwanza ni posho. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na ikapita hapa kwetu. Mwaka 1898 wajenzi wake walikuwa wakiliwa na simba kule Tsavo. Baada ya reli yalikuja mashamba ya mkonge, na Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo vilipiganwa hapahapa wilayani kwetu, Taveta na Salaita. Kibarua na mbeba mizigo walihitaji kulishwa, na posho yao ilikuwa unga wa mahindi. Ni rahisi kusagwa kwa mashine, ni rahisi kujazwa magunia. Neno posho maana yake ni sehemu ya chakula anayopewa mtu, lakini kwa watu wengi wa Afrika Mashariki likageuka kuwa jina la unga wa mahindi wenyewe. Mwaka 1964 mbegu ya mahindi chotara ilitolewa Kitale, mavuno yakaongezeka, na mahindi yakawa mfalme wa nchi nzima. Tatizo ni kwamba Kitale si Voi. Kule mvua ni zaidi ya mara mbili ya hii yetu.

Mshukiwa wa pili ni ndege. Hindi limevaa koti, mtama uko uchi. Kweleakwelea mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku. Piga hesabu: kundi la ndege milioni moja litamaliza tani 10 kwa siku moja! Na makundi ya namna hiyo yapo. Mkulima hulala ana shamba, jioni ya pili ana mabua.

Mshukiwa wa tatu, wanafunzi wenzangu, ni sisi. Msishtuke. Nilimwuliza nyanya yangu, anayekaa chini ya mlima Sagalla, kwa nini aliacha mtama. Nilitegemea atalaumu jua. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nani ataamia? Nyinyi nyote mko shule."

Zamani katikati ya shamba kulikuwa na dungu, kilingo kirefu cha miti. Suke likianza kujaa, watoto walipanda dunguni alfajiri na kushuka magharibi, siku baada ya siku kwa wiki kadhaa. Walipiga makopo, walipiga kelele, walirusha mawe kwa makombeo. Huko ndiko kuamia. Siku hizi alfajiri hiyo mimi na wewe tuko njiani na mikoba mgongoni. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2003 hata wale wachache waliobaki nyumbani waliingia darasani, na hilo ni jambo jema. Hakuna atakayesema watoto warudi dunguni. Ila tukubali kwamba shule ilipotuchukua, shamba la mtama lilibaki bila mlinzi, na hakuna aliyekaa akafikiri nani achukue nafasi yetu. Mama mmoja hawezi kuchota maji, kupika, kwenda soko la Voi na kuamia ndege, vyote kwa siku moja. Akaona heri apande mahindi, yakikauka yakauke.

Mshukiwa wa nne ni aibu. Wahenga walisema penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na vijana wa leo wakisikia mtama wanafikiria kuku kweli. Ugali wake si mweupe, kwa hiyo ati ni chakula cha maskini. Mgeni akija, mwenyeji mwenye mtama ndani ataona afadhali akope unga wa mahindi dukani.

Aibu hii si ya kwetu peke yetu. Kaskazini mwa Ulaya kuna nafaka iitwayo rai, ndugu wa ngano. Ilianza kama gugu katika mashamba ya ngano na shayiri kule Asia ya Magharibi. Ilipopelekwa kwenye nchi za baridi na udongo wa kichanga, ngano ilishindwa lakini gugu likastahimili, mwishowe watu wakalipanda makusudi. Kwa karne nyingi mkate wake mweusi ulikuwa wa fukara, na mkate mweupe wa ngano ulikuwa wa matajiri. Lakini mwaka 2017, nchi ya Ufini ilipoadhimisha miaka 100 ya uhuru, watu wake walipiga kura kuchagua chakula cha taifa. Walichagua nini? Mkate huohuo wa rai! Walikienzi chakula kilichowavusha miaka ya shida. Sisi chetu tunawamwagia kuku.

Mshukiwa wa tano ni soko. Mahindi yana mnunuzi kila kona, mtama hauna. Kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza bia ya bei nafuu ya Senator mwaka 2004, na baadaye ikanunua mtama mwingi kwa ajili yake, hasa aina ya mtama mweupe iitwayo Gadam. Wakulima wa sehemu kame walifurahi. Lakini serikali ilipopunguza msamaha wa ushuru wa bia hiyo mwaka 2013, mauzo yalianguka, na wakulima wakabaki na magunia yao. Nafuu ilirudishwa baadaye, lakini funzo limebaki. Nafaka inayotegemea mnunuzi mmoja, tena wa pombe, haina miguu miwili.

TUFANYEJE?

Kwa maoni yangu washukiwa wote watano walishirikiana, kwa hiyo dawa moja haitoshi. Simwambii mtu ang'oe mahindi yake yote. Watu wa milimani wayapande, wana haki yao. Sisi wa chini, kama familia ina ekari mbili, kwa nini isitenge moja ya mtama na kunde? Mahindi yakikubali, vyema. Yakikataa, chakula kipo.

Kuhusu ndege, wataalamu wanashauri majirani wapande pamoja, wakati mmoja. Shamba moja likiiva peke yake, ndege wote wa tarafa hula hapo. Mashamba ishirini yakiiva pamoja kila mmoja hupoteza kidogo. Hali kadhalika mbegu zinatofautiana. Serena na Seredo, zilizozalishwa Serere nchini Uganda, zina punje za kahawia zenye uchungu kidogo, na ndege huzikimbilia mwisho. Gadam ni tamu na huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi, lakini ndege nao wanajua ni tamu. Mwenye watu wa kuamia achague Gadam, asiye nao achague za kahawia. Na kwa kuwa mtama wa miezi mitatu hukaa shambani muda mfupi, hata tembo wa Tsavo hupata siku chache za kututembelea, ingawa tembo akiamua kuja hachagui cha mahindi wala cha mtama.

Wako Waafrika waliofanya kazi kubwa juu ya nafaka hii. Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alizalisha mbegu chotara ya mtama inayostahimili ukame, ikatolewa Sudan mwaka 1983. Kisha alishughulikia mbegu zinazoweza kupambana na kiduha, lile gugu lenye maua ya kupendeza ambalo hunyonya mizizi ya nafaka chini kwa chini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya nyasi yenye chumba kimoja. Anayesema kilimo ni kazi ya walioshindwa na masomo na afikiri tena. Umoja wa Mataifa nao uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya mtama na wimbi. Ulimwengu umekwisha kugeuka kuutazama, bado sisi.

Nina ombi moja kwa walimu wetu na kwa wanachama wa Chama cha Kilimo. Nyuma ya madarasa kuna kipande cha ardhi ambacho kila mwaka hupandwa mahindi. Vuli ijayo tukigawe mara mbili. Nusu moja tupande mahindi, nusu ya pili tupande mtama, siku moja, bila kumwagilia upande wowote. Wanafunzi tugawane zamu za kuamia baada ya masomo na mwishoni mwa wiki, kila darasa siku yake, ili pasiwe na mtu anayekosa kipindi. Tuvune, tupime kila upande kilo ngapi, na hesabu hiyo ichapishwe katika gazeti hili la mwaka ujao, hata kama mahindi ndiyo yatakayoshinda.

Mtama tutakaopata usagwe, na asubuhi moja tunywe uji wake sote, walimu na wanafunzi, kila mtu na kikombe chake. Atakayeona aibu kuunywa mbele ya watu aje nimpe mgongo, anywe.